Naambiwa nishukuru, na mshahara wangu umekatwa nusu

Shangazi, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Shela, kisiwani Lamu, na kazi yangu ni katika nyumba ya wageni hapa hapa mtaani. Nafua, napiga pasi, natandika, na wapishi wakipungua naingia jikoni. Tajiri wetu alimwomba mwalimu wa yoga anayefundisha wageni darini atufundishe na sisi wafanyakazi, asubuhi mbili kwa wiki kabla wageni hawajaamka. Nilikwenda kutazama tu, nikabaki. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa pasi na kuinama, na alhamdulillahi umepata nafuu kuliko dawa zote nilizomeza. Nakipenda kile kipindi. Napenda hata kule kulala chali mwishoni, maana ndiyo dakika pekee za mchana ambazo hakuna anayeniita.

Tatizo limeanzia kwenye daftari. Mwalimu alimpa kila mtu daftari lake, akasema kila usiku kabla ya kulala tuandike mambo matano tunayoyashukuru. Siku za mwanzo nilifurahi. Niliandika watoto, afya, mama yangu, bahari, kazi. Kesho yake nikaandika hayo hayo, na kesho yake tena. Siku hizi nikishika kalamu napandwa na hasira.

Sababu naijua. Tangu kusi ianze na wageni wapungue, tunalipwa nusu mshahara. Hatukuitwa kuambiwa, mwisho wa mwezi tulifungua bahasha tukakuta nusu. Kazi haikupungua, kwa sababu wageni wasipokuwepo ndipo tunapofua mapazia, tunapopaka chokaa na kusugua sakafu za vyumba vyote. Nilikwenda kumuuliza tajiri kwa adabu. Akanijibu mbele ya wenzangu: "Si wewe unayeandika daftari la shukrani? Nyumba ngapi zimefunga kabisa msimu huu? Shukuru una kazi." Kisha akanipigia methali, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nilinyamaza. Usiku ule nilipofika kwenye kuandika "kazi", mkono ulikataa.

Mume wangu yuko Mombasa, hutuma anapopata. Anayenilelea watoto tangu wazaliwe ni mama yangu. Nilipomweleza, naye akasema shukuru, wenzio hawana. Akaongeza kwamba haya yote yameletwa na yoga, ibada ya Mabaniani, na kwamba Muislamu hushukuru kwa sala, si kwa daftari. Tukakosana. Sasa tunasemezana mambo ya watoto tu.

Usiku silali vizuri. Je, moyo wangu umekuwa mgumu? Niache daftari, au niache yoga yenyewe? Na nikiendelea kudai mshahara wangu, nitakuwa ninakufuru neema?

Mama wa wawili, Shela

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Moyo wako haujawa mgumu. Mkono ulikataa kuandika jambo ambalo usiku ule halikuwa kweli, na kwangu hiyo ni dalili ya moyo mzima. Kudai ujira wako si kukufuru neema. Nimelitanguliza hilo ili upate kulala nalo, sasa tuyachukue mengine.

Kwa kuwa tajiri wako amekunyamazisha kwa daftari la yoga, tuangalie kwanza yoga yenyewe inasemaje. Mafunzo yaliyopangwa na Patanjali, mwanachuoni wa India ya kale, hayaanzi na mikao. Yanaanza na miiko mitano ya kuishi na watu, inayoitwa yama, ndipo ifuate mitano ya mtu kujilea mwenyewe, inayoitwa niyama. Mikao unayofanya darini ni hatua ya tatu. Kuridhika, kwa jina lake santosha, ambako walimu wengi hukutegemea wanapofundisha shukrani, kumo katika lile kundi la pili. Na kundi la kwanza lina nini? Kutoumiza, ahimsa. Kusema kweli, satya. Kutochukua kisicho chako, asteya. Kisha kuzuia matamanio, na kutojilimbikizia mali. Mtu anayebaki na nusu ya ujira wa aliyefanya kazi nzima, halafu akamhimiza aridhike, ameziruka hatua zote hizo akatua kwenye santosha kwa sababu ndiyo inayomfaa yeye. Usikubali akufundishe yoga ya namna hiyo.

Na kwetu hali ni ile ile. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Amri hiyo iko juu ya mwajiri. Ile aya ya Sura Ibrahim, "Mkishukuru, kwa yakini nitakuzidishieni", ni ahadi ya Mwenyezi Mungu kwa mja wake, na hakuna tajiri aliyepewa kuikalia. Fadhila hushukuriwa, deni hulipwa. Mshahara wa mwezi uliokwisha ni deni. Na methali aliyokupigia inamhusu mtu aliyetendewa wema akalipa ubaya. Wewe ulipunguziwa haki yako, ukaenda kuuliza kwa adabu.

Sisemi kwamba tajiri wako hana shida. Kila aliyeishi Lamu anaijua kusi: mvua za Aprili hadi Juni, bahari imechafuka, wageni hawaji, na nyumba nyingi hufunga milango hadi Julai. Huenda kweli fedha hazipo. Lakini mtu asiye na fedha huwaita watu wake barazani akawaambia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inasema masharti ya kazi yakibadilika, mshahara ukiwemo, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Bahasha yenye nusu ya fedha si mashauriano.

Basi rudi kwake, lakini usirudi peke yako. Nendeni wawili au watatu, wakati ambao hana mgeni wala mpwa wala jirani wa kumfanya atafute maneno makubwa. Mwende na karatasi iliyoandikwa mwezi wa mwisho mliolipwa kamili, miezi mliyolipwa nusu, na kiasi kinachodaiwa na kila mmoja. Anza kwa kumshukuru, na umshukuru kweli: yeye ndiye aliyekuletea darasa lililokuponya mgongo, na jambo hilo halifutwi na hili. Kisha sema, kwa sauti ile ile: "Lakini mshahara wetu umekatwa bila kuambiwa, na tunataka tukubaliane." Mnaweza kukubaliana mambo mengi. Nusu ya mshahara iwe kwa nusu ya siku za kazi. Au deni liandikwe na lilipwe wageni wakirudi, na kila mmoja abaki na nakala. Akikataa kabisa, kifungu cha 87 cha sheria hiyo kinakuruhusu kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na kifungu cha 46 kinasema kupeleka malalamiko yenye msingi si sababu halali ya kumfukuza mtu. Najua kisiwa chetu ni kidogo na kila mtu ni shemeji wa mtu. Ndiyo maana nakwambia uanze barazani. Lakini ujue kwamba mlango wa pili upo.

Na mwalimu wako wa yoga mwambie yaliyotokea. Ana haki ya kujua kwamba daftari lake limegeuzwa kufuli la kufungia watu midomo. Hapa nawasemesha na walimu wote wanaofundisha wafanyakazi wa majumba ya wageni, kuanzia Shela hadi Watamu: kabla hujamwambia mtu ahesabu neema zake usiku, muulize mchana wake ulikuwaje. Mgeni aliyekuja wiki moja kupumzika na mtu anayemfulia mashuka hawawezi kupewa zoezi moja kwa maneno yale yale.

Sasa daftari. Usilitupe, lakini usilifanye kama ulivyoambiwa. Zoezi hili limechunguzwa sana, na waliolichunguza hawakuagiza matano kila usiku maisha yote. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough, wataalamu wa saikolojia wa Marekani, walitoa utafiti ambao sehemu yake moja iliwataka wanafunzi waandike mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, na yasizidi matano. Wengine waliandika yanayowaudhi, wengine matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi, wakawa na matumaini zaidi ya wiki inayokuja, na hata mazoezi ya mwili walifanya zaidi. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta kwamba waliofanya hivyo mara moja kwa wiki ndio waliofaidika, si waliofanya mara tatu. Kuchoka kwako, basi, si upungufu wa imani wala wa tabia. Jambo likirudiwa kila siku kwa maneno yale yale, moyo huacha kulisikia.

Kuna jaribio jingine ambalo mimi nalipenda zaidi. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la wiki moja: kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kila moja uliandikie sababu yake. Miezi sita baadaye watu hao bado walionyesha furaha zaidi na huzuni kidogo. Naamini nguvu imo katika ile sababu. Wewe uliandika "bahari". Bahari ipo, hata wewe usipoiandika. Lakini andika hivi: leo nimetoka kazini nikaoga maji matamu yasiyo na chumvi. Kwa nini? Kwa sababu mvua imenyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela, mchanga ukainywa na kuihifadhi chini, na maji hayo ndiyo yanayoingia visimani na kunywewa mpaka mjini Lamu. Na kwa sababu wapo watu waliosimama kupinga vilima hivyo visijengwe. Ukifika hapo umekwisha kumshukuru Muumba, ardhi na majirani zako kwa ndoo moja ya maji, na kesho hutaweza kuirudia sentensi hiyo kama kasuku, kwa sababu kesho kutakuwa na kingine chenye sababu zake.

Fanya hivyo usiku mmoja kwa wiki, labda wa kuamkia Ijumaa. Jambo moja linatosha kama moja ndilo la kweli. Kabla ya kuandika, laza mgongo kwenye mkeka, miguu uinue uiegemeze ukutani, maana wewe hushinda umesimama. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Moyo hupunguza mapigo kidogo tunapotoa pumzi, na kuitoa polepole hivyo huutuliza mwili kabla akili haijaanza kutafuta la kusema. Kisha upitie mwili wako kwa kazi uliyofanya, kama mnavyofanya mwishoni mwa darasa: nyayo zilizopanda ngazi, viganja vilivyoshika pasi, ule mgongo. Mgongo unastahili ukurasa wake. Uliuma kwa miaka, na ukapona kwa kuusikiliza.

Hasira ikija kwanza, iandike kwanza. Iandike kwa jina lake na kwa kiasi chake cha shilingi. Satya imetangulia santosha, na ukurasa wenye ukweli unaouma haulichafui daftari. Kinacholichafua ni kuandika "kazi" huku umeyauma meno kwa hasira. Ukishaandika hasira, tazama kama chini yake kuna kitu cha kushukuru. Pengine kipo: mwenzako aliyekaa nawe jikoni baada ya kufedheheshwa, au kijana wa boti aliyekuvusha kwa mkopo. Kama hakuna, funga daftari ulale. Na lisisomwe na mtu yeyote, hasa tajiri wako.

Kuhusu usingizi: ikiwa utapita wiki mbili hulali, huna hamu ya chakula, na hata watoto hawakuchangamshi, nenda hospitali useme hivyo hivyo kama ulivyoniandikia. Daftari si dawa ya ugonjwa.

Nimemwacha mama kwa makusudi, kwa sababu naona yeye ndiye anayekuumiza zaidi, ingawa umemtaja kwa mistari michache. Yeye na tajiri wamesema neno moja, lakini hawakulitoa mahali pamoja. Tajiri alisema shukuru kwa sababu kunyamaza kwako kunampunguzia gharama. Mama yako alisema shukuru kwa kuogopa usifukuzwe. Amelea watoto wako kwa miaka, anajua nyumba hiyo inakula kutoka mkono upi. Ungelimsikia hofu yake kabla ya maneno yake msingekosana.

Na tazama: katika daftari lako "mama yangu" yumo kila usiku, na mama huyo hajasoma ukurasa hata mmoja. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Watafiti wale wa 2005 walijaribu na hilo. Waliwataka watu waandike barua kwa mtu aliyewatendea wema bila kushukuriwa ipasavyo, kisha wampelekee wenyewe. Katika mazoezi yote waliyoyapima, hilo ndilo lililopandisha furaha zaidi kwa wakati ule, na athari yake ilibaki mwezi mzima. Kwetu kumsomea mama barua kutamshangaza, atadhani umepata msiba. Basi mfanyie la kwetu. Ijumaa baada ya chakula, watoto wakiwa nje, mkande miguu kwa mafuta ya nazi, na huku unamkanda mtajie mambo yenyewe, moja moja. Usimwambie "ahsante kwa yote". Mwambie usiku ule mtoto alipochemka homa na wewe uko kazini alivyombeba. Mwambie umeona kwamba kiporo kikiwa kidogo yeye husema ameshiba. Usiingize habari ya tajiri wala ya yoga siku hiyo. Akilia, mwache alie.

Siku nyingine ndipo muizungumze yoga, na usiichukue hofu yake kwa wepesi. Wanachuoni wamelitazama jambo hili. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliiharamisha yoga inayochanganywa na ibada na nyimbo za Kihindu, na mwanzoni mwa 2009 Baraza la Wanachuoni la Indonesia lilikataza yenye ibada na nyimbo hizo, likaruhusu iliyo mazoezi ya mwili tu. Sheikh wa msikiti wenu ndiye wa kuulizwa, na ingefaa mumuulize pamoja na mama. Mwalimu akiimba mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, mwambie wewe utavuta pumzi kimya. Mwalimu mwema hatakasirika. Na mama yako ana haki katika neno lake la pili: sisi tunayo sijda ya shukuri, na daftari halikuja kuchukua nafasi yake. Likikujia jambo la kushukuru, sujudu kwanza, uandike baadaye. Asubuhi za darasa, sali Alfajiri na mama, mkae mkamilishe nyiradi zenu, ndipo uchukue mkeka wako upande darini.

Shangazi